Fimbo ya hikori niliyoilipia na sijaigusa

Fimbo ya kuchezea lakrosi, mchezo wa timu mbili zinazorusha na kudaka mpira kwa fimbo zenye wavu, ilifika nyumbani kwetu Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, imelazwa juu ya blanketi kwenye kiti cha nyuma cha gari, na mpaka leo mkono wangu haujaigusa. Nimeilipia dola 325. Nimeisubiri miezi kumi na mmoja. Niliiona ingali kipande cha gogo chenye magome. Lakini aliyeitoa karakanani ni mwanangu, aliyeitundika ukutani ni baba yake, na mimi nikifagia chumba kile naizunguka kwa mbali kidogo. Najua ni ajabu mtu kutathmini kitu ambacho hajakishika. Nitaeleza, maana sharti hilo ni sehemu ya kile nilichonunua.

Tunaishi Syracuse, jimbo la New York. Ukitoka mjini kuelekea kusini, safari fupi tu ya gari, unaingia ardhi ya taifa la Onondaga, ekari zipatazo 7,300 zilizobaki kutoka nchi kubwa waliyokuwa nayo zamani. Onondaga ni mmoja wa mataifa sita ya shirikisho la Haudenosaunee, pamoja na Mohawk, Oneida, Cayuga, Seneca na Tuscarora. Vitabu vingi huwaita Iroquois, jina ambalo wenyewe hawakujipa. Mchezo ambao dunia inauita lakrosi ulikuwepo kwao, na kwa majirani zao wengi wa mashariki ya Amerika Kaskazini, kabla Marekani na Kanada hazijawa nchi. Kwa Kionondaga unaitwa dehontsigwaehs, yaani wanagongana nyonga. Nenda ukatazame mechi moja kwenye ukumbi wao utaelewa jina limetoka wapi.

Mwanangu ana miaka 13 na anachezea shule. Fimbo yake ya kila siku ni ya mpini wa alumini na kichwa cha plastiki, niliinunua dola 140, na sina la kuilaumu. Ya mbao aliitaka baada ya kumwona kijana wa Onondaga akicheza nayo ukutani, peke yake, mpira unakwenda na kurudi bila hata mara moja kugusa ardhi. Aliniambia, "Mama, ile inatoa sauti tofauti." Mtoto wa umri huo anaomba vitu vingi. Hiki nilikisikia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukimbilia mtandaoni. Duka moja lilikuwa linauza "fimbo ya jadi" kwa dola 90. Ilipofika nikaona kwamba imekatwa kwa mashine, wavu wake umebandikwa kwa gundi, na vanishi ni nene kama asali. Mpira wa kawaida wa raba ngumu, wenye uzito wa gramu 145 hivi, ulipasua kile kiwavu siku ya kwanza. Na kubwa kuliko yote, ilikuwa ya mkono wa kulia, na mwanangu ni wa mashoto. Fimbo ya plastiki ina kuta mbili zinazofanana, unaishika mkono wowote. Fimbo ya mbao ya asili upande mmoja ni mbao iliyopindwa na upande wa pili ni ukuta wa utumbo mkavu uliosukwa, kwa hiyo ina upande wake, kama mkasi. Aliyeniuzia hakuuliza. Nilipoandika kulalamika nikajibiwa kwamba ile ni bidhaa ya mapambo. Pesa haikurudi.

Muuguzi mwenzangu kazini, ambaye mume wake ni wa Onondaga, ndiye aliyenielekeza kwa fundi. Simtaji jina kwa sababu hana duka wala tangazo, na hivyo ndivyo anavyotaka. Karakana yake ni banda nyuma ya nyumba. Kuna jiko la kuni, kuna benchi la kuchongea ambalo fundi hulipanda kama anayepanda punda na kuibana mbao kwa miguu, na sakafuni kuna maganda mengi ya mbao kiasi kwamba hatua zako hazisikiki. Fimbo zilizokwisha zilikuwa zimelazwa mezani. Nikafanya kile ambacho mteja yeyote angefanya, nikanyoosha mkono.

Mzee akanyanyua kiganja taratibu. "Hapana, mama," akasema. "Hizo usizishike."

Nisifiche, iliniuma. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku moja kwa moja, nimeendesha gari kwenye theluji, pesa ni za jasho langu. Akanisogezea kigoda karibu na jiko, akanimiminia kahawa, akaeleza bila haraka. Kwao mchezo huu kabla ya kuwa mashindano ni dawa. Mtu akiugua, au jamii ikiwa na msiba au mfarakano, wazee wanaweza kuitisha mchezo kwa ajili ya mgonjwa. Hakuna refa, hakuna idadi maalumu ya wachezaji, wazee na vijana wote wanaingia, na wanacheza mpaka upande mmoja ufikishe mabao yaliyokubaliwa mwanzoni. Nguvu zote wanazomwaga pale zinamwendea yule aliyelala. Mbao inatoka kwenye mti ulio hai, ngozi inatoka kwa mnyama, na fimbo hiyo ina nguvu yake. Mwanamke naye ana yake, ya kuleta uhai. Alisema hizo mbili hazichanganywi. Mama yake mzazi hakuwahi kushika fimbo yake hata siku moja, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika uwanjani.

Nilikaa na maneno hayo. Mimi nimekulia kwenye watu wanaojua kwamba siwa haipulizwi na kila mwenye pumzi, kwa hiyo kitu kuwa na masharti si jambo la kunishtua. Na kazi yangu ni kugeuza wagonjwa kitandani saa nane za usiku. Nimewaona watu wakipona na nimewaona wakiondoka, na sijawahi kusikia kwamba kuna mahali kijiji kizima hutoka kwenda kukimbia mpaka kifua kiwake moto kwa ajili ya mtu mmoja mgonjwa. Jean de Brébeuf, padri Mjesuiti kutoka Ufaransa aliyeishi kati ya Wahuroni, watu asilia wa Kanada, aliandika jambo hilo hilo katika miaka ya 1630: mganga anaagiza mchezo uchezwe ili nchi ipone. Aliliandika kwa kulidharau, akiliona kama ushirikina. Kwake yeye na Wafaransa wenzake fimbo ile iliyopinda ikaitwa crosse, na jina likabaki.

Sharti hilo la wanawake si kila mtu wa Haudenosaunee analishika kwa namna moja. Wana timu ya taifa ya wanawake, inacheza kimataifa kwa fimbo za kisasa, na ilipoanza kuzungumzwa mabishano yalikuwa makali, wakiwemo wanawake wenyewe waliopinga. Ukumbuke kwamba kwao mama mkuu wa ukoo ndiye anayemteua chifu, na ndiye anayeweza kumvua. Hawa si wanawake wa kunyamazishwa. Kwa hiyo niliposema "sawa mzee, sitaishika," sikusema kwa kuonewa. Nilikuwa mgeni nyumbani kwa watu.

Akamgeukia mwanangu, akamuuliza maswali matatu: unashika mkono gani, una urefu gani, na utaifanyia nini. Kwenye swali la tatu mtoto akasema anataka kuchezea ukutani tu, nyumbani. Mzee akafurahi. Akachukua malipo ya nusu, akasema mengine siku ya kuichukua, na kwamba itachukua miezi kama tisa.

Hapa ndipo wengi watakapokimbia, na mimi nasema vumilieni. Mti ni hikori, ile ambayo magome yake hubanduka vipande virefu. Gogo halipasuliwi kwa msumeno. Linapasuliwa kwa kabari na nyundo, nusu, robo, tena nusu ya robo, ili mpasuko ufuate nyuzi za mti wenyewe. Msumeno hukata nyuzi, na fimbo iliyokatwa nyuzi itavunjika palepale itakapogongwa. Kisha kipande kinachongwa kifikie unene, kinaingizwa kwenye sanduku la mvuke mpaka kilainike, na kinapindwa kwa nguvu za mwili. Siku ya kupinda mzee alituita. Mwanangu alishika upande mmoja, miguu imekaza sakafuni, mbao inatoka mvuke mikononi mwake na harufu kama ya karanga mbichi zinazochemshwa. Ilipinda. Wakaifunga ili isinyooke, ikatundikwa darini miezi na miezi ikauke. Baada ya hapo ndipo ikachongwa kwa kisu chenye mipini miwili, ikatobolewa, ikasukwa ukuta wa utumbo na mfuko wa kanda za ngozi.

Katika kungoja ndipo nilipojifunza mengi. Kila tulipokwenda kutazama, mzee alikuwa na hadithi, na mimi nikirudi nyumbani nasoma. Iliyomkaa mwanangu ni ile ya mechi kati ya wanyama na ndege. Wanyama wa miguu minne walikuwa na dubu, paa na kobe. Ndege walikuwa na tai, mwewe na bundi. Viumbe wawili wadogo wakaomba kuchezea wanyama, wakachekwa kwa udogo wao. Wakaenda kwa ndege. Ndege wakakata ngozi ya ngoma wakamtengenezea mmoja mabawa, akawa popo, na huyo popo ndiye aliyeudaka mpira wakati wakubwa wameshindwa. Popo ninayemjua mimi katika hadithi ni kigeugeu asiye ndege wala mnyama, hana kwao. Huyu wa Onondaga ni mtoto mdogo aliyepewa nafasi akashinda. Mwanangu ndiye mfupi kuliko wote kwenye timu yake, na ndiye mweusi peke yake. Hakusema kitu garini, lakini usiku alinihadithia upya tangu mwanzo kana kwamba sikuwepo.

Mtoto wa kiume hakosi pia kuipenda ile ya Juni 2, 1763. Waojibwe na Wasauk, mataifa mengine mawili asilia, walicheza mchezo wao, kwa Kiojibwe baaga'adowe, nje ya ngome ya Waingereza ya Michilimackinac, katika Michigan ya leo. Askari wametoka kutazama, lango liko wazi. Mpira ukarushwa ngomeni, wachezaji wakaufuata, na wanawake waliokuwa wamesimama wamejifunika mablanketi wakatoa silaha walizozificha. Ngome ikaanguka siku hiyo hiyo. Mzee aliisimulia kwa sauti ya chini, bila shangwe.

Kilichonikera mimi ni namna mchezo ulivyochukuliwa. Daktari wa meno wa Montreal, William George Beers, aliuandikia sheria katika miaka ya 1860, akaweka wachezaji 12 kila upande na mpira wa raba badala ya ule wa ngozi ya paa. Kanada ikaushangilia kuwa mchezo wake. Mwaka 1876 timu ilipelekwa Uingereza, na Wamohawk wa Kahnawake wakacheza mbele ya Malkia Victoria kule Windsor, wakitembezwa kama maonyesho. Halafu mwaka 1880 chama cha Kanada kikaamua kuwa cha wachezaji wa ridhaa tu. Wachezaji wa mataifa asilia, ambao bila kulipwa nauli wasingeweza kusafiri kwenda mechi, wakahesabiwa kuwa wa kulipwa, na mlango wa ubingwa ukafungwa usoni mwao. Fikiria mtu anakuja kwenu, anajifunza ngoma yenu, anaiandikia kanuni, kisha anakwambia kanuni hazikuruhusu kuicheza. Nimeisoma mara tatu na bado inanichemsha.

Fimbo nayo ilipitia hayo hayo. Kulikuwa na kiwanda katika kisiwa cha Cornwall, kwenye ardhi ya Wamohawk wa Akwesasne, ambacho kiliipa dunia sehemu kubwa kabisa ya fimbo za mbao. Kikaungua mwaka 1968. Miaka miwili baadaye, 1970, kichwa cha plastiki kikapata hataza huko Marekani, na ndani ya muda mfupi ufundi uliolisha familia nyingi ukawa hauhitajiki. Waliobaki wakichonga walichonga kwa mapenzi. Aliyejulikana zaidi hapa Onondaga ni Alf Jacques, aliyefundishwa na baba yake na kuchonga kwa miongo mingi mpaka alipofariki mwaka 2023. Fundi wetu anamtaja kwa heshima kila akichukua kabari.

Kwa hiyo mtu akiniambia dola 325 ni ghali, namwuliza amelinganisha na nini. Fimbo za plastiki za bei hiyo zipo, zimejaa madukani, na senti moja haiendi kwa wenye mchezo.

Sasa nimweleze mzazi anayetaka kujua inavyofanya kazi. Ni nzito. Mwanangu wiki mbili za kwanza alilalamikia vifundo vya mikono, na kutupa mpira kulikwenda upande, kwa kuwa mfuko wa ngozi unaushika mpira zaidi na unauachia kwa kuchelewa kidogo. Ulipoingia mwezi wa pili wa kuitumia, mkono ukazoea. Sasa akirudi kwenye ile ya alumini anasema ni kama unyoya, na kocha wake ameona mkono wa shoto umeimarika. Kwa mechi za shule kocha amesema atumie ya plastiki, na sisi hatukubisha. Ngozi haipendi maji: ikilowa inalegea, na siku moja aliisahau nje kwenye ukungu, mfuko ukashuka kama nyavu ya mvuvi. Huwezi kuipeleka duka lolote la michezo kufungwa upya, na ukijaribu mwenyewe kwa video za mtandaoni utaiharibu. Inabidi irudi kwa fundi. Na muda wa kungoja si wa uhakika. Tuliambiwa miezi tisa, ikawa kumi na moja, simu hazijibiwi msimu wa kuwinda. Anayetaka zawadi ya siku ya kuzaliwa aagize mwaka mmoja kabla na asimwahidi mtoto tarehe.

Sauti je? Mtoto alikuwa sahihi. Plastiki inalia kavu. Hii inatoa mlio mfupi wa tumbo, mbao na ngozi kwa pamoja, na nikiwa nimelala mchana baada ya zamu nausikia kupitia ukuta wa gereji na hauniamshi.

Kuna jambo la mwisho ambalo sikulitarajia katika manunuzi haya. Mwanangu alikuwa amezoea kuambiwa, na watoto wengine na hata na mzazi mmoja, kwamba mchezo huu si wa watu kama yeye. Mzee alimwonyesha picha ya zamani ya timu ya Chuo Kikuu cha Syracuse ya mwaka 1957, timu ambayo haikupoteza mechi msimu ule. Golini alikuwepo Oren Lyons, wa Onondaga, ambaye baadaye akawa mlinzi wa imani wa taifa lake, yaani mtunza mila na ibada zao. Katikati ya uwanja alikuwepo Jim Brown, kijana mweusi ambaye dunia inamkumbuka kwa kandanda ya Kimarekani, na ambaye wengi waliomwona wanasema lakrosi ndiyo aliyoiweza zaidi. Walikuwa wachezaji wenza, hapa hapa mjini kwetu. Nyumbani tukasoma pia habari za Morgan State, chuo cha watu weusi cha Baltimore, kilichoifunga Washington and Lee mwaka 1975 wakati hakuna aliyewapa nafasi. Mwanangu hajaulizwa tena kama mchezo ni wake. Au ameulizwa na hajaona haja ya kuniambia.

Lyons huyo huyo ni mmoja wa walioanzisha timu ya taifa ya Haudenosaunee mwaka 1983. Mwaka 2010 timu hiyo ilikwama New York ikielekea ubingwa wa dunia kule Manchester, kwa kuwa walitaka kusafiri kwa pasipoti za taifa lao na Uingereza ikakataa, hata baada ya Hillary Clinton, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, kuwapa kibali cha mara moja. Wangeweza kukubali pasipoti za Marekani wakapanda ndege jioni ile. Hawakukubali, wakakosa mashindano. Miaka mitano baadaye dunia ikaja kucheza ubingwa wa ndani ya ukumbi hapa Onondaga. Mwaka 2023 kule San Diego, kwenye ubingwa wa dunia, walichukua medali ya shaba. Sasa lakrosi inarudi Olimpiki, Los Angeles 2028, wachezaji sita kila upande, na kanuni inataka kila timu iletwe na kamati ya Olimpiki ya nchi yake. Mzee hakutaka kulizungumzia sana. Alisema tu kwamba mchezo ulikuwepo kabla ya kamati, akaendelea kusuka.

Ninamshauri mzazi mwenye mtoto anayependa mchezo huu ainunue, ila ainunue kwa wenyewe, na aulize masharti ya nyumba anayoingia kabla ya kunyoosha mkono. Kwa anayetaka pambo la ukutani tu, wapo wauzaji wa mtandaoni.

Baridi imekausha kanda za ngozi, na mzee amesema tuirudishe mwezi wa tatu azikaze, bila malipo kwa mwaka huu wa kwanza. Mwanangu ameshaifunga kwenye blanketi lake. Mimi nitaendesha, nitakaa kwenye kigoda kile kando ya jiko na kahawa yangu, mikono mfukoni mwa koti, niwatazame.